Barua ya wazi kwa viongozi wa korfiboli duniani: dhahabu za Uholanzi zinawasema ninyi

Kwenu Rais na wajumbe wa Kamati ya Utendaji ya Shirikisho la Kimataifa la Korfiboli (IKF), na nakala kwa viongozi wa Chama cha Kifalme cha Korfiboli cha Uholanzi (KNKV).

Ndugu viongozi,

Nawaandikia kuhusu timu moja ya taifa na rekodi yake. Tangu mashindano ya dunia ya korfiboli, mchezo wa kurusha mpira kikapuni unaochezwa na wanawake na wanaume katika timu moja, yaanze mwaka 1978 hadi yale ya Taipei mwaka 2023, yamefanyika mara 12. Uholanzi imetwaa ubingwa mara 11. Mwaka uliobaki ni 1991, Ubelgiji walipoutwaa wakiwa nyumbani kwao Antwerp. Kwenye Michezo ya Dunia, ile inayowakusanya walioachwa nje ya Olimpiki, korfiboli imo tangu London mwaka 1985, na hadi Birmingham ya Marekani mwaka 2022 dhahabu zote kumi zilikwenda kwa Waholanzi. Ubingwa wa Ulaya nao ulianza kugombewa mwaka 1998 nchini Ureno, na hadi ulipochezwa Antwerp mwaka 2021 hakuna taifa jingine lililokuwa limeugusa.

Mtu asiyeujua mchezo huu akisoma aya hiyo atasema: hongera Uholanzi. Mimi nasema hongera pia, kisha nawageukia ninyi. Timu inaposhinda kwa karibu nusu karne na kushindwa mara moja tu katika fainali za dunia, swali halimhusu tena mshindi. Linamhusu mwenye dhamana ya kuwafikisha wengine mahali pa kushindana naye, na mwenye dhamana hiyo ni shirikisho.

Niseme mapema kwamba sitaki Uholanzi ipunguzwe kasi. Wapo wanaopendekeza kanuni za kuibana, au mgawanyo wa makundi utakaowaweka mabingwa mbali na wengine hadi mwisho, ili aibu ya mabao isionekane. Huko ni kuficha ugonjwa. Wachezaji wa Uholanzi hawajamkosea mtu. Wamefanya kile ambacho kila timu ya taifa hutumwa kukifanya.

Tuangalie basi wanashinda kwa nini, maana bila kulijibu hilo, mengine yote ninayoomba hayatakuwa na miguu.

Korfiboli ilibuniwa mwaka 1902 na Nico Broekhuysen, mwalimu wa Amsterdam, baada ya kuuona mchezo wa pete na mpira alipokwenda kwenye mafunzo huko Nääs, Uswidi. Alitaka mchezo ambao wavulana na wasichana wangecheza pamoja, na hadi leo timu ni watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne. Wawili wa kila jinsia hushambulia na wawili hulinda, na baada ya kila mabao mawili wanabadilishana kazi, hivyo hakuna anayeweza kuwa mshambuliaji tu au mlinzi tu maisha yake yote. Kikapu kiko juu ya nguzo, mita 3.5 kutoka chini, hakina ubao nyuma yake, na unaweza kukifunga kutoka upande wowote. Hairuhusiwi kukimbia na mpira wala kuudundadunda. Mwanamume haruhusiwi kumzuia mwanamke anayerusha, wala mwanamke mwanamume.

Halafu kuna kanuni inayowatesa wageni kuliko zote: huruhusiwi kurusha ukiwa umelindwa. Mlinzi akiwa kati yako na kikapu, amekutazama, yuko umbali wa mkono na mkono wake umeinuka, mpira wako hauhesabiwi hata ukiingia. Urefu na misuli vinakosa thamani hapo. Kinachobaki ni kumpoteza mlinzi kwa nusu hatua, kupokea pasi katika nusu sekunde hiyo hiyo, na kurusha kwa mikono miwili kutoka mita saba au nane bila ubao wa kukusaidia. Wenzako watatu nao wawe wamekwisha jua utarusha lini, ili mmoja awe chini ya kikapu kuuwahi mpira ukikosa. Yote hayo ndani ya sekunde 25 za saa ya mashambulizi, yaani muda ambao timu hupewa kurusha.

Ujuzi huo hauji kwa kuwa na mwili mzuri, na haufundishiki katika kambi ya wiki moja. Mchezaji anaupata kwa kukutana na walinzi wazuri mara nyingi sana, msimu baada ya msimu. Huko Uholanzi mtoto huanza akiwa na umri wa miaka mitano au sita, katika klabu ambayo huenda mama na baba yake waliichezea timu moja. Hucheza nje kwenye nyasi msimu mmoja na ndani ya ukumbi msimu mwingine. Juu yake kuna ngazi za ligi hadi ile kuu ya ndani ya ukumbi iliyoanza mwaka 2005, ambayo fainali yake imekuwa ikijaza watu katika ukumbi wa Ahoy, Rotterdam. Mchezaji wa klabu kama PKC ya Papendrecht au Fortuna ya Delft anapoingia kwenye fainali ya dunia, mlinzi anayekutana naye si mkali kuliko wale aliowazoea kila Jumamosi. Pengine ni dhaifu kuliko wao.

Sasa mchukueni mchezaji wa taifa lenye klabu nne au tano. Analindwa na watu walewale kila wiki, anajua mmoja hawezi kugeuka haraka kushoto na mwingine huchoka mapema. Anakuwa hodari dhidi yao. Kisha anasafiri, mara nyingi kwa nauli ya mfukoni mwake maana timu nyingi za taifa katika mchezo huu wachezaji hujilipia wenyewe, na siku ya pili ya mashindano anapangiwa Uholanzi. Kwa mara ya kwanza maishani anakutana na mlinzi ambaye hampi nusu hatua. Uholanzi inafunga mabao zaidi ya 30, upande wake haufikishi kumi. Anarudi nyumbani, na mlinzi wa namna ile hatamwona tena hadi baada ya miaka minne, kama bado atakuwa anacheza.

Huyo amegeuzwa kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi ajifunzie juu yake. Ila hapa kinyozi ni fundi tayari wala hahitaji kujifunza, na ndiyo maana mechi kama hizo hazimfaidishi yeyote.

Ubelgiji wanatusaidia kuliona jambo hili vizuri zaidi. Korfiboli ilionyeshwa Antwerp kwenye Olimpiki ya mwaka 1920, Wabelgiji wakaipokea, na mwaka 1924 vyama vya nchi hizo mbili vikaunda ofisi ya pamoja. Shirikisho lenu lilizaliwa kutokana na ofisi hiyo mwaka 1933, katika mji huohuo wa Antwerp. Majirani hawa wamekuwa wakikutana tangu siku hizo, timu za taifa kwa timu za taifa, klabu kwa klabu, na mpaka wa kuvuka ni mwendo wa gari tu. Kwa hiyo sioni ajabu kwamba taifa pekee lililowahi kuchukua ubingwa wa dunia mbele ya Uholanzi ni lile lililocheza nao mara nyingi zaidi. Wabelgiji wangetoka nchi ya mbali, mwaka 1991 usingekuwepo kwenye historia. Na hata wao, ukaribu wote huo ukiwapo, walifungwa 31 kwa 18 katika fainali ya Durban mwaka 2019. Mabao 13 kati ya wa kwanza na wa pili duniani, katika mechi ya mwisho!

Taiwan, inayocheza kwa jina la Chinese Taipei, ndiyo habari njema ya shirikisho hili na ajabu ni kwamba mnaizungumzia kidogo. Hawana jirani wa kuwapa mazoezi kama Ubelgiji. Hata hivyo wamejipenyeza kati ya hao wawili wakubwa, wametwaa medali za dunia zaidi ya mara moja, wakaandaa Michezo ya Dunia Kaohsiung mwaka 2009 na fainali za dunia Taipei mwaka 2023. Wana kasi, na urushaji wao una mtindo wao wenyewe. Ningekuwa kwenye kamati yenu, ningetuma watu wakae huko msimu mzima waandike hatua kwa hatua: nani alilipa, makocha walitoka wapi, mchezaji alicheza mechi ngapi ngumu kwa mwaka. Kisha ningeyagawa maandishi hayo kwa kila chama mwanachama kabla ya kumpa hata mpira mmoja wa msaada.

Badala yake, kila mkisimama kueleza maendeleo, tunahesabiwa bendera. Nchi wanachama zimefika karibu 70. Fainali za dunia zilianza na timu 8 mwaka 1978, zikawa 16, Durban zikawa 20, Taipei 24. Sipingi upanuzi, kila taifa lina haki ya kusimama siku moja kwenye jukwaa kubwa. Lakini tukubaliane kwamba idadi ya timu zilizofika na idadi ya timu zinazoweza kushinda ni hesabu mbili tofauti, na ile ya pili haijasogea sana tangu 1978. Wengine wote ni wasindikizaji. Wanasindikiza kwa moyo, kwa nyimbo na kwa jezi nzuri, lakini wanasindikiza.

Mnajua vizuri kwa nini jambo hili linawagusa ninyi kuliko mtu mwingine. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwatambua mwaka 1993. Korfiboli ilikwisha onyeshwa kwenye Olimpiki mara mbili, Antwerp 1920 na Amsterdam 1928, kisha mlango ukafungwa. Leo upepo unavuma upande wenu kuliko wakati wowote. Kwenye Olimpiki ya Tokyo tuliona mbio za kupokezana vijiti za wanawake na wanaume pamoja, kuogelea kwa mchanganyiko, triathloni ya mchanganyiko na judo ya timu mchanganyiko. Wakubwa wa michezo wanahangaika kuvumbua mashindano ya jinsia zote mbili, wakati ninyi mnao mchezo mzima uliojengwa juu ya msingi huo tangu 1902, wenye kanuni zilizokomaa, ambao mwanamke si wa kujazia nafasi. Naye hushambulia na kufunga kama mwanamume. Mna bidhaa ambayo soko linaiulizia. Lakini mnunuzi akifungua kitabu cha matokeo, anaona jina moja.

Wenzenu wa hoki ya barafu ya wanawake wamepita njia hii. Mchezo wao uliingia Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1998, Nagano. Dhahabu zikawa za Marekani na Kanada, mabao yakawa ya kutisha kwa wengine, na Vancouver mwaka 2010 aliyekuwa Rais wa Kamati ya Olimpiki, Jacques Rogge, akaonya hadharani kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea bila mabadiliko. Shirikisho lao halikuzipunguza nguvu Marekani na Kanada. Liliwachukua wataalamu kutoka nchi hizo mbili na kuwapeleka kulea nyingine. Mwaka 2019 Finland ikafika fainali ya dunia na kuipeleka Marekani hadi kwenye mikwaju ya penalti. Dhahabu bado ni za walewale wawili, sikatai. Ila swali la nani atashinda siku hiyo lilikuwa swali la kweli, na watazamaji walikaa hadi mwisho kulipatia jibu.

Tofauti ni kwamba wao walionywa wakiwa ndani. Ninyi mko nje, na aliye nje hapewi onyo, hapokelewi tu.

Nikija kwa ninachoomba, cha kwanza na kikubwa ni mechi. Kabla ya semina, kabla ya nembo mpya, kabla ya mitandao, tuwape timu za nafasi ya tatu hadi ya kumi na mbili mechi ngumu kila mwaka. Wekeni mzunguko wa kudumu ambao timu hizo zitakutana zenyewe kwa zenyewe, siku nne au tano, ukumbi mmoja, gharama ikigawanywa na shirikisho. Ureno, Ujerumani, Uingereza, Jamhuri ya Cheki, Hungaria, Uchina, Australia: hawa wakikutana wao kwa wao kila mwaka watapata mechi za mabao mawili matatu ya tofauti, na humo ndimo mchezaji anajifunza kutulia saa ya mashambulizi inapokimbia. Kupigwa kwa mabao 30 hakumfundishi mtu kutulia.

Kwenye mzunguko huo, Uholanzi ilete kikosi chake cha pili au cha vijana, na hapa nawageukia viongozi wa KNKV. Nchi yenu ina wachezaji wa kutosha kuunda timu ya taifa ya pili ambayo ingefika nusu fainali ya dunia. Hilo kila mfuatiliaji analijua. Vijana hao leo wanakaa nyumbani wakisubiri nafasi. Wapelekeni. Watapata safari na uzoefu wa kimataifa, na wenyeji watapata mlinzi wa kweli wa kujipima naye, anayefungika siku akiwa na usingizi. Mtaona ugumu wake siku kikosi hicho kitakapofungwa na Ureno na magazeti yenu yakauliza kulikoni. Siku hiyo itakuwa siku njema kwa korfiboli, hata kama haitakuwa njema kwenu.

La pili ni makocha. Kliniki za siku tano, picha ya pamoja, mipira kumi na nguzo mbili, kisha kwaheri: mtindo huo umejaribiwa vya kutosha. Kocha akae msimu mzima. Asifundishe wachezaji wa taifa hilo moja kwa moja, afundishe makocha wao, na aondoke akiwa ameacha ligi yenye ratiba, hata kama ni ya timu sita. Wapo makocha wengi Uholanzi na Ubelgiji waliostaafu ligi kuu wakiwa bado na nguvu. Wengi wao wangekwenda kwa posho ya kawaida na chumba cha kulala.

Kuhusu korfiboli ya watu wanne na ile ya ufukweni, nina neno fupi. Zote mbili nazipenda. Ya watu wanne inahitaji eneo dogo na wachezaji wachache, na ya ufukweni imekwisha ingia Michezo ya Dunia kule Chengdu mwaka 2025. Kwa taifa changa ni mlango mzuri wa kuingilia. Hofu yangu ni kwamba mnaanza kuzitumia kama njia ya kukwepa tatizo la nyumba kubwa: tukishindwa kuwafikia Waholanzi kwenye mchezo wa wanane, basi tuhamie kwenye mchezo mfupi ambao bahati ina sehemu kubwa zaidi. Anayeingia kwa mlango huo aonyeshwe pia njia ya kufika sebuleni.

Halafu Durban. Agosti 2019 fainali za dunia zilichezwa Afrika kwa mara ya kwanza, na wote tulifurahi. India waliwahi kuziandaa New Delhi mwaka 1995, na Australia waliziandaa Adelaide mwaka 1999, kwa hiyo si kweli kwamba shirikisho limekaa Ulaya tu. Lakini kuandaa mashindano na kukuza mchezo ni vitu viwili. Naomba mchapishe taarifa moja, ya kurasa chache tu: baada ya kila fainali zilizochezwa nje ya Ulaya, ni klabu ngapi zilikuwepo mwaka uliofuata, na ngapi miaka mitano baadaye. Kama idadi ilipanda, tuambieni ilipandaje. Kama ilishuka, mwandaaji anayefuata aambiwe mapema afanye nini tofauti, na sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba wa kupewa uenyeji.

Najua jibu ambalo nimeshalisikia kwa watu wa karibu na shirikisho: fedha hazipo. Korfiboli si soka, haki za televisheni ni ndogo, wafadhili ni wachache. Nakubali. Lakini fedha kidogo ndizo zinazohitaji kuamuliwa kwa ukali zaidi ziende wapi. Kuongeza timu kutoka 16 hadi 24 kuligharimu, kwenu na kwa vyama ambavyo wachezaji wake walichanga nauli. Sehemu ya gharama hiyo ingelipia mzunguko ninaousema. Mkiniambia kwamba kura za wanachama ndizo zinazotaka timu nyingi fainali, hapo nitaelewa, na nitawaomba mseme hivyo hadharani ili tujue tunabishana na nani.

Nimalizie kwa jambo dogo linaloweza kufanyika bila hata senti. Kwenye taarifa yenu ya kila fainali za dunia, pembeni ya orodha ya medali, wekeni wastani wa tofauti ya mabao katika robo fainali, nusu fainali na fainali, tangu 1978 hadi leo. Kisha jiwekeeni lengo la namba hiyo kwa mashindano yajayo na yale yatakayofuata, lipigiwe kura kwenye mkutano mkuu, na kila rais anayeomba kuchaguliwa tena aulizwe kuhusu namba hiyo kabla ya kuulizwa ameleta bendera ngapi.

Nasubiri majibu yenu, na ningependa yaje hadharani kama barua hii.

Wenu,
Mfuatiliaji wa korfiboli